Hatua Kumi na Saba Hadi Bombani

Mama mkwe wangu alikuwa mpiga pasi. Kwa miaka thelathini na kitu alisimama mbele ya meza moja, katika chumba kimoja, akiwa na pasi moja ya mkaa ambayo mpini wake wa mti ulikuwa umelika ukafuata umbo la kiganja chake. Mumewe alifariki mtoto wao akiwa bado anatambaa. Pasi ndiyo iliyomlea yule mtoto, ikamsomesha, ikamwozesha. Mke aliyeozeshwa ni mimi.

Tulikaa katikati ya mji, kwenye nyumba ndefu ya vyumba vinane, vinne huku na vinne kule, katikati ujia mwembamba wenye giza hata saa sita mchana. Mwanzo wa ujia ni barabara, na mwisho wake ni ua mdogo, bomba na choo. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya mbele. Kimoja cha mama na meza yake ya pasi, kingine changu na mume wangu na binti yetu wa miaka minne, ambaye tunamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haulali.

Nje ya mlango wa barabarani alikaa fundi viatu, mzee wa makamo, mpangaji mwenzetu. Yeye na mama walikuwa watani wasiopumzika.

"Bibi Makaa," fundi anasema, "uso wangu huu umejaa makunyanzi. Hebu nipigie pasi."

"Uso wako ukiguswa na pasi utayeyuka. Ni plastiki huo."

"Angalau ningeoa."

"Utamwoa nani? Hata viatu unavyoshona vinakukimbia."

Mama alikuwa na sifa moja iliyojulikana nyumba nzima: hataki kitu kihamishwe. Ukiacha ndoo ujiani, utaisikia sauti yake. "Ndoo ina mahali pake! Nani kailaza njiani kama mlevi?" Wapangaji walimwogopa. Watoto walifundishwa kuegemeza ufagio pale pale, kuweka viatu ndani ya kizingiti, kufunga milango ya vyumba isining'inie nje. Walisema bibi anapenda utaratibu kama askari. Nami nilisema hivyo hivyo, mpaka nilipoziona nyuzi.

Mama hakuandika majina ya wateja. Kila shati lililoingia alilishonea uzi mdogo ndani ya kola. Mwekundu ni wa mwalimu, wa buluu ni wa muuza dawa, wa kijani ni wa karani wa ghorofani, na kadhalika. Nilipoolewa nilizikuta zile rangi kwenye kopo la bati, nikazipenda. Sasa siku moja, nina ujauzito wa mtoto wa pili, nimekaa kumsaidia kukunja, nikaona kola zote zina uzi mweupe. Nilipotazama vizuri nikaona mafundo. Shati la mwalimu lina fundo moja, la muuza dawa mawili, la karani matatu.

"Mama, nyuzi za rangi zimekwisha? Nikuletee nyingine?"

"Rangi zinachuja."

"Zile hazikuwahi kuchuja."

Akaiweka pasi juu ya kigae chake kilichogandishwa mezani, upande wa kulia, bila kugeuza shingo. Kigae kililia kidogo, kama kawaida.

"Una macho wewe," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Mtu haombi msamaha kwa kuwa na macho. Yangu yameondoka kama wageni wenye haya, moja kisha la pili, hayakuaga. Nimebakiwa na mwanga na kivuli. Hospitali nilikwenda peke yangu, wakaniambia nimechelewa." Akapapasa kola iliyokuwa mbele yake, akapata fundo, akalikunja lile shati vizuri kuliko mimi. "Mume wako akijua, pasi hii kesho ataifungia kabatini. Na mteja akijua, nani atampa kipofu shati lake la harusi?"

"Sitasema."

"Hapa naishi. Kutoka mlangoni hadi bombani ni hatua kumi na saba. Ya tisa sakafu ina ufa. Ya kumi na mbili kuna upepo wa dirisha la yule mama wa mapacha. Hapa sihitaji mtu kunishika mkono. Siku nitakayoshikwa mkono, mwanangu, ujue nimekwisha."

Ndipo nikaelewa ndoo na ufagio na viatu. Nyumba nzima ilikuwa fimbo yake, na wenyewe hawakujua.

Miezi michache baadaye nikajifungua mtoto wa kiume, na chumba chetu kikawa hakina pa kugeukia. Wiki ya arobaini yake, Chiriku alichomoka mlangoni kukimbilia mpira wake, pikipiki ikapita ikamchana gauni. Gauni tu, nashukuru. Dereva alisimama akatutukana. Nilimbeba mwanangu ndani, nikafunga mlango. Toka hapo sikuitaka tena ile nyumba. Kila honi ilipolia nilitoka kumtafuta Chiriku.

Mume wangu ni mlinzi wa mlangoni katika ofisi moja. Alianza kuuliza watu. Akapata nyumba pembezoni, si mbali, mahali ambapo mji unaishia na mashamba hayajaanza. Jioni akaja akaketi kwenye mkeka, tulipokuwa tunakula.

"Mama, nimepata nyumba."

"Hii imefanya nini?"

"Hii si nyumba, ni kabati."

"Kabati ndilo lililokulea."

"Ndiyo, na nimekua, sitoshi tena! Kule kuna vyumba vitatu, mama. Ua mpana, hewa safi. Mtoto atakimbia mpaka achoke."

"Na mimi nitakimbia?"

Tukacheka wote. Chiriku akacheka bila kujua kwa nini.

"Bomba liko wapi?" mama akauliza.

"Nje, pembeni ya ua, karibu na choo."

"Hatua ngapi?"

"Aa, mama! Nani anahesabu hatua? Ni pale tu."

Nikatazama sahani yangu.

"Kule kila mtu ana geti lake," mama akasema. "Mgonjwa akilia, anasikilizwa na ukuta. Hapa nikikohoa mara mbili, fundi viatu anauliza kama nimekufa."

"Ndiyo, na pikipiki nayo?" akajibu mwanawe, taratibu. Kisha akanigeukia. "Mke wangu, wewe unasemaje?"

Ukitakiwa uchague kati ya mjini na pembezoni, utahesabu nafasi, hewa, shule, mwendo wa kwenda kazini. Vyote hivyo nilivihesabu. Kilichobaki nilikijua mimi peke yangu, na nilijua pia kwamba nikikitamka hatuhami. Mama alinyamaza asije akanyang'anywa pasi. Mimi nilinyamaza ili mwanangu apate ua. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake ananyamaza.

"Mtoto anahitaji mahali pa kuchezea," nikasema.

Mama akageuza uso kunielekea, lakini ulikosea kidogo, ukatua begani kwangu.

"Mkwe amesema," akasema. "Basi."

Siku ya kuhama, fundi viatu alibeba meza ya pasi kichwani mpaka kwenye gari, akikataa kusaidiwa. "Bibi Makaa, sasa nani atanitukana?"

"Nitakutumia matusi kwa simu."

"Na viatu vyako?"

"Siendi vitani, havitachakaa."

Akacheka, halafu akaingiza kichwa ndani ya sanduku lake la misumari akatafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Kule pembezoni, Chiriku alivua viatu getini akaanza kukimbia. Alikimbia kuzunguka nyumba mara sita, akarudi mashavu yakimtetemeka, akakimbia tena. Nilimtazama nikaona kama kuna jiwe limetolewa kifuani mwangu. Hilo sitalikana.

Mama alisimama katikati ya ua. Ua ulikuwa mchanga mtupu, laini, usio na ukuta wa kufuata wala ufa wa kukuambia umefika wapi. Mume wangu alimwonyesha kwa mkono, "Choo kile pale, bomba lile pale, kule tutapanda mboga." Mama akaitikia kwa kichwa kila mara. "Pazuri," akasema. "Pazuri sana." Mguu wake wa kulia ulikuwa unapapasa mchanga chini ya kanga, polepole, kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka.

Wateja hawakuwapo. Kule kila mtu ana pasi yake ya umeme, au hapigi pasi kabisa. "Pumzika sasa, mama," mwanawe akamwambia, kwa mapenzi ya kweli. "Umefanya kazi ya watu watatu." Akamnunulia kiti cha kuegemea, akakiweka barazani. Meza ya pasi akaiweka chumbani kwa mama, akaigeuza ielekee dirisha, ili siku akitaka kunyoosha kanga zake apate mwanga.

Mama akakaa kwenye kile kiti. Asubuhi alikuwa hapo, mchana alikuwa hapo. Jirani wa kulia nilimsikia akimsifu mume wangu, "Umemtunza mama yako, anakaa kama malkia."

Mimi nilikuwa natazama kikombe. Kila asubuhi nilimwekea maji kando ya kiti, na kila jioni nilikikuta kimejaa. Midomo yake ilianza kupasuka. Nikasema, "Mama, hunywi maji." Akasema hana kiu. Siku ya nne nikaelewa. Anayekunywa maji lazima aende chooni, na choo kilikuwa ng'ambo ya ule mchanga. Alikuwa akisubiri alfajiri, kabla hatujaamka, aende akiambaa na uzio wa senyenge wa jirani. Niliona alama kwenye viganja vyake.

Basi nikachukua kamba ya kuanikia. Mume wangu alipokwenda kazini, nikaifunga kutoka nguzo ya baraza hadi mlango wa choo, kimo cha mkono. Nikaipiga mafundo, moja panapoanza mteremko, mawili karibu na bomba, matatu mlangoni. Nikamshika kidole nikakiweka juu yake.

Akaifuata kamba kwa kiganja mpaka fundo la kwanza. Akalipapasa.

"Umefanya kwa wema," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mume wako akirudi akauliza ni ya nini?"

"Nitasema ni ya nguo."

"Nguo gani inaanikwa chooni?" Akacheka kwa pua. Kisha akairudia kamba mpaka nguzoni, akafungua fundo langu kwa vidole viwili, akaizungusha vizuri, akanipa. "Kamba ni ya mbuzi, mwanangu. Mimi bado sijafika huko."

Baada ya hapo alianza kuniambia nimletee nguo za nyumbani. Nikafurahi, maana alisimama tena. Akapiga pasi nepi za mtoto, akapiga magauni ya Chiriku, akapiga hata kitambaa cha kufutia meza. Halafu akasema, "Lete shati la kazi la mume wako."

Nilikuwa nafua nje. Pembezoni kila nyumba inachoma taka zake, moshi unatanda kutoka kwa jirani huyu kwenda kwa yule, huwezi kujua kinachoungua ni cha nani. Nilisikia Chiriku akimwita, "Bibi, njoo uone kinyonga!" na mama akimjibu, "Ngoja." Nikasikia pasi ikiwekwa chini. Kigae hakikulia. Sikufikiri kitu.

Asubuhi mume wangu alilifungua shati. Lilikuwa limekunjwa kama mama alivyokunja siku zote, kola wima, mikono nyuma, vifungo mstari mmoja. Na katikati ya mgongo palikuwa na alama ya pasi, nyeusi, yenye ncha, imetoboka. Kwenye ile nyumba ya zamani kigae kilikuwa kulia. Meza ilipogeuzwa ipate mwanga, kigae kikawa kushoto, na alipoitwa ghafla mkono wake ulifuata mazoea.

Alikwenda nalo mpaka barazani.

"Mama, shati limeungua."

"Wapi?"

Mwanawe alilinyanyua mbele ya mama, karibu kabisa na uso wake, jua likipita kwenye lile tundu na kumwangukia mama shavuni. Mama akanyoosha mkono kulipokea, mkono ukapita pembeni.

Mume wangu ni mtu mzima, mwenye ndevu. Alikaa chini sakafuni kama Chiriku. Baadaye akaja jikoni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mtoto."

"Na nilikuuliza. Nilikuuliza mbele yake, ukaniambia mahali pa kuchezea."

"Ndiyo."

Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Alivaa shati lile lile, akavaa na sweta juu yake siku nzima ya jua kali, akaenda kazini.

Kwa wiki mbili alizungumza nami mambo ya lazima tu. Halafu jioni moja akasema amempigia simu fundi viatu, naye amesema kuna chumba kitupu kule kule, upande wa nyuma. Mama akitaka, arudi. Fundi na yule mama wa mapacha watamwangalia, sisi tutakwenda kila Jumapili.

"Unataka, mama?"

Mama alikuwa tayari amesimama. "Pasi yangu iko wapi?"

Usiku ule alikunywa vikombe viwili vya maji. Asubuhi alijifunga kanga mpya, akaniambia nimtazame kama iko sawa. Tukaenda mimi na yeye na Chiriku, na mtoto mgongoni. Mume wangu angeleta meza jioni. Kwenye gari mama alikuwa akitaja njia yote. "Hapa ni sokoni. Hapa ni kwa mfua bati, msikilize. Sasa tunakata kona." Hakukosea hata moja. Nilitazama mdomo wake nikaona ule ubishi wa zamani umerudi pembeni mwake.

Fundi viatu alikuwa na mteja, kiatu kimoja mkononi. Alipomwona akapiga kelele. "Bibi Makaa! Nilifikiri umezikwa!"

"Ningezikwa, ungesikia watu wanashangilia?"

"Karibu, karibu. Ngoja nimalizie kisigino hiki nikupeleke."

"Unipeleke? Ndani ya nyumba yangu? Kaa na kisigino chako." Akaliachilia bega langu. "Na wewe, niache."

Akavuka kizingiti. Vyumba vyetu viwili vilikuwa vimegeuzwa duka la simu, muziki unalia, lakini hakujali. Alitembea mgongo wima, mkono haugusi ukuta, midomo inahesabu. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa nyuma yake na macho yangu yalikuwa bado yamejaa jua. Yalipozoea giza, nikaona.

Ujia ulikuwa umezibwa. Mwenye nyumba alikuwa amejenga ukuta katikati, mbele maduka, nyuma vyumba, na vya nyuma vilikuwa vinaingiliwa kwa uchochoro wa kando ya nyumba. Fundi viatu hakulisema jambo hilo kwenye simu, maana kwa mwenye macho si jambo.

Nilikuwa na muda. Hatua tatu, labda nne. Kinywa kilikuwa wazi. Lakini nyuma yangu alikuwapo fundi, na mteja wake, na vijana wa duka, wote wanamtazama bibi anavyorudi kwake kwa maringo, na nikipiga kelele watajua wote. Nikasita. Nilisita kama nilivyosita siku ile mkekani.

Kwenye hatua ya tisa akaugonga, kwa paji la uso na goti. Muziki ulikuwa mkubwa, nadhani hakuna aliyesikia ila mimi na Chiriku.

"Bibi!" Chiriku akasema. "Kuna ukuta hapo! Huoni?"

Mama aliinua viganja viwili akaviweka juu ya ule ukuta, akavipeleka kulia mpaka mwisho, akavipeleka kushoto mpaka mwisho. Akasogeza pua. Saruji ilikuwa bado mbichi. Akainama kidogo, mguu wake ukatafuta ule ufa wa sakafu, akaukuta. Nusu ulikuwa upande wetu, nusu umekwenda chini ya ukuta.

"Bombani kunapitwa wapi siku hizi?" akauliza, bila kugeuka.

"Kwa uchochoro wa kando, mama. Unazunguka."

"Kuna mtaro?"

"Upo."

"Una kifuniko?"

Nikautazama uchochoro kupitia dirisha la duka. "Hauna."

Akatikisa kichwa, mara moja. Fundi viatu alikuwa anakuja anachechemea, kiatu bado mkononi, anacheka. "Bibi, umepotea kwako? Njoo, siku hizi tunaingilia..."

"Nilikuja kukusalimu tu," mama akamkatiza. "Nimeuona uso wako, bado una makunyanzi. Mwambie mwenye nyumba tumeshukuru, chumba ampe mwingine."

Fundi alinitazama mimi, akamtazama yeye, halafu akakitazama kiatu. Nadhani ndipo alipojua.

Mama akanyoosha mkono gizani, upande ambao sikuwapo.

"Nishike mkono," akasema.

Nikazunguka nikaushika. Kiganja chake kilikuwa kigumu, na katikati kilikuwa na bonde refu, mahali pa ule mpini wa pasi. Vidole vyangu viliingia humo. Tukatoka barabarani, mimi mbele, yeye nyuma, Chiriku akiwa ameshika kanga yake, na hakuhesabu tena.